Masasi, Newala na Chiwata katika Mawe ya Mjini

Mgeni akifika Mji Mkongwe wa Unguja, hata kama ana nusu siku tu, atapelekwa Mkunazini. Atalizunguka kanisa kuu la Kianglikana, atasimama mbele ya sanamu za watumwa, atateremka ngazi kuingia vyumba vya chini, kisha atatoka kwenda Forodhani kutafuta mishikaki. Ataambiwa kwamba hapa palikuwa na soko la watumwa, nalo likafungwa mwaka 1873. Mara nyingi habari huishia hapo. Walioletwa sokoni walitoka wapi? Waliookolewa walikwenda kuishi wapi? Maswali hayo yanamrudisha mtu kusini mwa Tanzania Bara, katika nchi ya Masasi, Newala na Chiwata, ambako habari ya jengo lile iliendelea hata baada ya mafundi kumaliza kazi yao.

Kwa hiyo mtu wa Chiwata anayetembea Unguja au Dar es Salaam hatazami mambo ya wenzake. Anasoma historia ya kwao, iliyojengwa kwa mawe na kusimamishwa kwa shaba katika miji ya pwani. Tuifuate kwa mpangilio wa miaka.

Njia ya Kilwa

Katikati ya karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa katika pwani yetu. Misafara ilitoka upande wa Ziwa Nyasa, ikakatiza nchi za Wayao na Wamakua, ikashuka baharini. Katika miaka ya 1860 watu waliopitishwa njia hiyo walikaribia 20,000 kwa mwaka, na wengi wao walipakiwa majahazini kupelekwa Unguja. Huko baadhi walibaki katika mashamba ya karafuu na wengine wakavushwa hadi Uarabuni na Ghuba.

Katika miaka hiyo mwinuko wa Makonde ulikuwa kimbilio. Juu kule vichaka vimeshonana, na maji hayapatikani ila chini mabondeni. Wamakonde walijenga ndani ya vichaka hivyo, vijiji vyao vikiingilika kwa vijia vyembamba. Wanawake waliteremka kufuata maji, wakapanda tena mlima mrefu na mitungi kichwani. Mtu angeweza kuhamia karibu na mto apumzike na adha hiyo, lakini mtoni ndiko walikopita wawindaji wa watu. Wengi waliona heri kiu kuliko mnyororo.

Unguja ina jengo moja linalotukumbusha njia hiyo kabla hujafika Mkunazini. Ni nyumba ya ghorofa iliyo upande wa kaskazini wa mji, iliyojengwa karibu na mwaka 1860, enzi za Sultan Majid. Watu huiita nyumba ya Livingstone. David Livingstone alikaa humo mapema mwaka 1866 akijiandaa kwa safari yake ya mwisho. Machi mwaka huo alishuka Mikindani, akashika njia ya bonde la Mto Ruvuma, chini ya mwinuko wa Makonde, kuelekea nchi ya Wayao. Katika shajara yake aliandika habari za maiti za watumwa aliozikuta njiani, wengine wakiwa wamefungwa kwenye miti kwa kuwa walishindwa kuendelea na safari.

Katika msafara ule alikuwamo kijana wa Kiyao, Chuma, ambaye mwaka 1861 alikuwa amenyang'anywa mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa kule nyanda za Shire. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, Chuma na mwenzake Susi waliongoza kazi ya kuubeba mwili wake hadi Bagamoyo. Baada ya hapo Chuma akawa kiongozi wa misafara ya misheni kwenda bara. Nyumba ina jina la Livingstone, lakini aliyeijua njia alikuwa mtoto wa Kiyao.

Soko likageuzwa kanisa

Misheni yenyewe ilizaliwa kutokana na hotuba za Livingstone katika vyuo vikuu vya Uingereza mwaka 1857. Ikajulikana kama Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, kwa kifupi UMCA. Kundi la kwanza lilifika Magomero, katika Malawi ya leo, mwaka 1861, likavunjwa nguvu na homa, njaa na vita. Askofu wake, Charles Mackenzie, alifariki mwaka uliofuata. Mwaka 1864 Askofu William Tozer aliihamishia misheni Unguja, akiwa pamoja na Dokta Edward Steere. Wanafunzi wao wa kwanza walikuwa wavulana watano, watumwa waliotolewa kwao na Sultan Majid. Mmoja wao, John Swedi, alikuja kuwa shemasi mwaka 1879.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultan Barghash, akibanwa na Waingereza kwa tishio la manowari zao, alitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa ya baharini na kufunga masoko ya hadhara. Uwanja wa soko la Mkunazini ukauzwa. Sehemu yake ilinunuliwa na Padri Arthur West wa misheni, na sehemu nyingine ilitolewa na tajiri wa Kihindi, Jairam Senji. Siku ya Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa likawekwa.

Kanisa lenyewe linahitaji mtu asiye na haraka. Steere, ambaye mwaka 1874 alikuwa askofu, alisimamia ujenzi kwa macho yake kwa miaka kadhaa. Kuta ni za mawe ya matumbawe. Paa ni kuba refu la saruji iliyochanganywa na matumbawe yaliyopondwa, limeinama juu ya ukumbi mzima bila nguzo za katikati kulibeba. Nyuma, mahali pa ubatizo, zipo nguzo fupi za marumaru ambazo wageni huonyeshwa kuwa zimesimamishwa kichwa chini. Husimuliwa kwamba Steere alikuwa safarini mafundi walipozipachika, na aliporudi akaziacha vilevile. Mbele ya altare sakafuni kuna duara la marumaru linaloelezwa kuwa linaonyesha mahali ulipokuwa mti wa kuwachapia watumwa. Karibu na hapo umetundikwa msalaba wa mbao za mti wa Chitambo, ule ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone. Steere alifariki mwaka 1882 na kuzikwa nyuma ya altare. Simulizi nyingine ya mjini husema Sultan Barghash alilipatia kanisa saa ya mnarani, kwa sharti kwamba mnara usilizidi jumba lake la Beit al-Ajaib kwa urefu.

Nje, ndani ya shimo lililojengewa, zimesimama sanamu tano za watu wamefungwa mnyororo shingoni, kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, iliyokamilika mwaka 1998. Upande wa pili lipo jengo la Mtakatifu Monika, ambalo chini yake mgeni hushushwa katika vyumba viwili vya giza, dari yake chini kiasi cha kumlazimu mtu mzima kuinama. Huelezwa kwamba humo ndimo watumwa walimofungiwa wakisubiri kuuzwa. Hapa msomaji awe mwangalifu. Jengo hilo lilijengwa na misheni mwishoni mwa karne ya 19, soko likiwa limeshafungwa, na wapo wanahistoria wanaoona vyumba hivyo vilikuwa ghala la hospitali. Kuuliza swali hilo hakupunguzi ukubwa wa dhuluma iliyofanyika Mkunazini. Soko lilikuwapo, na waliouzwa walikuwa watu kwelikweli, wenye makabila na vijiji vyao. Tukiangalia vyumba tu, tunawasahau hao.

Kutoka Mkunazini hadi Masasi

Manowari za Kiingereza ziliendelea kukamata majahazi yaliyoficha watumwa, na wengi wa waliokombolewa walikabidhiwa misheni. Wavulana walisomeshwa Kiungani, kusini kidogo ya mji, na wasichana Mbweni, mahali palipokuwa na shamba, shule ya Mtakatifu Maria na kijiji cha watu huru. Lakini kisiwa hakikuwatosha wote, na wengi walitamani kurudi bara walikozaliwa. Steere akaona njia moja, yaani kuwarudisha kwao wakiwa jumuiya na si mmojammoja.

Oktoba 1876 aliondoka Unguja na kundi la watu huru, wanaume kwa wanawake, wakashuka Lindi na kuanza kupanda bara. Nia ilikuwa kufika karibu na Ziwa Nyasa. Novemba walipofika Masasi, wakaona majabali makubwa yaliyoinuka uwandani, udongo mzuri na maji. Watu wa msafara waliomba wakae hapo, wakisema wamefika nchi yao. Steere akakubali. Wakagawana viwanja, wakalima, wakajenga kanisa la miti na nyasi. Steere alimwachia kituo Padri William Percival Johnson, na mwaka 1877 akaja Padri Chauncy Maples. Wakati nguzo za Mkunazini bado zinapachikwa, kijiji cha waliokombolewa utumwani kilikuwa tayari kinavuna mahindi chini ya majabali ya Masasi.

Amani haikudumu. Mwaka 1882 Wangoni, waliojulikana huku kwetu kama Magwangwara, waliivamia Masasi. Waliua watu, wakachoma nyumba na kuchukua mateka. Watu walioonja utumwa mara moja walijikuta tena wakikimbia na watoto mgongoni. Maples akalihamisha kundi kubwa hadi Newala, juu ya mwinuko, kwa Matola, mkuu wa Wayao. Mwinuko uliowaficha Wamakonde kwa vizazi sasa ukawaficha na watu wa Unguja. Baadaye Masasi ilifufuliwa, na vituo vikasambaa chini na juu ya mwinuko. Chitangali ilikuwa mojawapo, na Chiwata nayo ikaingia katika mtandao huo wa shule na makanisa.

Habari ya Chitangali inastahili kukumbukwa kila mtu apitapo Mbweni au Kiungani. Cecil Majaliwa alikuwa mtoto wa Kiyao aliyetekwa na kukombolewa, akasoma Kiungani, kisha akapelekwa Canterbury, Uingereza. Alimwoa Lucy Magombeani, binti wa Mbweni. Mwaka 1886 alitumwa Chitangali kwa mkuu Barnaba Nakaam, na mwaka 1890 akapewa upadre, Mwafrika wa kwanza kuupata katika misheni hiyo. Alikaa Chitangali hadi 1897, akifundisha, akibatiza na kusafiri kwa miguu kijiji hadi kijiji. Wazungu walikuwa wachache na wakiugua mara kwa mara. Aliyeshika kazi siku hadi siku alikuwa yeye na walimu wenzake weusi.

Walimu hao waliandika pia. Mwaka 1887 Arthur Madan alichapisha kitabu cha maelezo ya wavulana wa Kiungani, ambamo walisimulia wenyewe jinsi walivyotekwa na kuuzwa. Mwaka uliofuata likaanza gazeti la Msimulizi, lililochapwa Kiungani kwa Kiswahili, likibeba barua na habari kutoka vituo vya bara. Hivyo vijana waliosafirishwa Kilwa bila jina wakawa miongoni mwa waandishi wa kwanza wa magazeti ya Kiswahili.

Leo magofu ya shule ya Mtakatifu Maria yapo ndani ya eneo la hoteli huko Mbweni, na jirani yake kanisa la Mtakatifu Yohana, lililofunguliwa mwaka 1882, bado linasaliwa. Chuo cha Kiungani kilihamishiwa Minaki, Kisarawe, katika miaka ya 1920. Watalii wengi hawafiki Mbweni kwa kuwa iko nje ya Mji Mkongwe. Kwa mtu wa kusini, Mbweni haipaswi kukosekana katika ratiba.

Moto wa 1905

Mwaka 1905 Vita vya Majimaji vilifika kusini yote. Mwezi Agosti Askofu wa Kikatoliki, Cassian Spiss, aliuawa akiwa safarini kuelekea vituo vya kusini. Misheni ya Masasi ilichomwa, na mapadri wakakimbilia pwani. Baada ya vita Wabenediktini walifungua Ndanda mwaka 1906, jirani na Chiwata, na UMCA ikajenga upya Masasi. Mwaka huohuo wa 1906 Karl Weule, wa makumbusho ya Leipzig, alipita Masasi na Newala akikusanya vinyago, vifaa vya nyumbani na sauti za nyimbo alizozinasa kwa fonografu. Mali hiyo iko Ujerumani hadi leo, ikitunzwa katika mji mwingine mkubwa.

Dayosisi ya Masasi iliundwa mwaka 1926, askofu wake wa kwanza akiwa Vincent Lucas. Huyu ndiye aliyekataa kuwakataza Wakristo jando. Tangu mwaka 1913 liliwekwa jando lenye sala na mafundisho ya kanisa, huku ngariba na wazee wakiachiwa nafasi yao. Wapo waliompinga, lakini alielewa kwamba watu waliorudi kutoka utumwani walitaka kurudi pia katika mila.

Chiwata na sanamu ya Askari

Sasa twende Dar es Salaam. Katikati ya mji, kwenye mzunguko wa barabara ya Samora, imesimama sanamu ya shaba ya askari Mwafrika ameshika bunduki yenye singe, ameielekeza upande wa bandari. Pale pale Wajerumani walikuwa wamesimamisha, mwaka 1909, sanamu ya gavana wao wa zamani, Hermann von Wissmann. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliiondoa. Ikaishia Hamburg, na katika miaka ya 1960 wanafunzi wa huko wakaiangusha. Sanamu ya Askari ilizinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Chini yake kuna maandishi ya Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu.

Watu hupiga picha hapo bila kufikiri kwamba vita hivyo vilipiganwa pia katika ardhi ya Masasi na Newala. Oktoba 1917 majeshi yalipambana Mahiwa, kaskazini-mashariki ya Ndanda, kwa siku nne. Waingereza, ambao miongoni mwa askari wao hapo walikuwamo Wanigeria, walipoteza zaidi ya watu 2,000, waliokufa na waliojeruhiwa. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alibaki uwanjani, lakini risasi na dawa zilikuwa zinamwishia. Akarudi nyuma hadi Chiwata.

Kwa majuma machache Chiwata ilikuwa makao makuu ya jeshi la Wajerumani lililobaki. Fikiria kijiji cha wakulima kilichojaa ghafla maelfu ya askari, wapagazi, wake zao na majeruhi, wote wakitafuta muhogo na mtama. Kwinini ilikuwa haba, na bila kwinini Mzungu hakuweza kupigana katika nchi ya homa. Katikati ya Novemba Lettow aliiacha Chiwata, na wagonjwa na majeruhi wakabaki nyuma mikononi mwa Waingereza. Akapanda mwinuko hadi Nambindinga, akapunguza tena jeshi lake, akapitia Newala, na tarehe 25 Novemba 1917 akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji na Wazungu karibu 300, askari wapatao 1,700 na wapagazi wao.

Siku zilezile ndege kubwa ya gesi ya Wajerumani, L59, ilikuwa angani kuja huku. Iliondoka Bulgaria tarehe 21 Novemba imebeba risasi na dawa, ikielekea mwinuko wa Makonde. Ilipokuwa juu ya Sudan iliamriwa kugeuka, kwa kuwa ilionekana Lettow ameshaipoteza nafasi ya kuipokea. Ikarudi Bulgaria baada ya saa 95 angani, moja ya safari ndefu zaidi za anga katika zama hizo. Watu wa mwinuko, waliochimba muhogo wao ili wanajeshi wapate kula, hawakuiona.

Waliobeba mzigo mkubwa wa vita hivyo hawakushika bunduki. Hesabu rasmi za Waingereza zilitaja zaidi ya wapagazi 40,000 waliokufa upande wao, na wanahistoria wengi huona idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi. Waliuawa zaidi na njaa, kuhara na uchovu kuliko risasi. Kariakoo ya leo imesimama mahali palipokuwa na kambi yao. Askari wa shaba amewekwa katikati ya mji, lakini mpagazi hana sanamu yake peke yake, ingawa bila mgongo wake jeshi lolote lisingefika Chiwata.

La kufanya

Mji Mkongwe uliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Hata hivyo, siku ya Krismasi mwaka 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka. Ikiwa jengo mashuhuri namna hiyo linaweza kuanguka, nyumba za mapadri, makaburi ya walimu na shule za kwanza za Masasi, Newala na Chiwata, ambazo hazimo katika orodha yoyote ya dunia, ziko hatarini zaidi.

Dawa yake si ngumu. Madaftari ya zamani ya ubatizo na ndoa yahifadhiwe mahali pakavu na yapigwe picha, kwa kuwa ni orodha za vizazi vya watu walioanza upya baada ya utumwa. Makaburi ya walimu wa kwanza yafyekwe, majina yasomeke. Shule ziwahoji wazee wenye simulizi za 1917 walizopokea kwa baba na babu zao, kabla hawajatutoka. Halmashauri husika ziweke vibao Chiwata, Masasi, Newala na Mahiwa, vieleze kwa Kiswahili kilichotokea hapo na mwaka wake. Nao waongoza wageni wa Unguja waongeze maelezo ya dakika mbili tu kuhusu msafara wa 1876.

Mwalimu anayepanga ziara ya wanafunzi kwenda Unguja au Dar es Salaam asikose kuwapeleka Mkunazini, Mbweni na kwenye sanamu ya Askari. Kabla ya hapo awatembeze kwanza kwa miguu kanisani, makaburini na mlimani pa kwao. Mtoto aliyeanzia hapo ataelewa kwamba majengo ya mjini yanamhusu yeye na wazazi wake, na atayatunza ya kijijini kama anavyoyastahi ya mjini.